Usiniambie "inatembea", nionyeshe mashine

Wadau, kuna neno moja ambalo nikilikuta kwenye minada ya saa za zamani mtandaoni huwa nasonya peke yangu. Neno lenyewe ni "inatembea". Muuzaji katoa mashine ya saa ndani ya kasha lake, kaiweka juu ya kitambaa chekundu, kapiga picha moja yenye giza, halafu chini anaandika: inatembea. Basi! Na watu wanaanza kupandisha dau. Dola 15, dola 22, dola 31... kwa neno moja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga aanze kujiandaa. Kwenye mnada wa namna hiyo, mashine iliyosimama lakini imepigwa picha pande zote, kwenye mwanga, ina thamani kuliko mashine inayosemwa inatembea huku huioni vizuri. Tena siyo kidogo.

Mtauliza, mwandishi wa habari na mashine za saa wapi na wapi? Subirini, nitafika.

Kwanza tuelewane. Ninaposema mashine nina maana ya kile kilicho ndani ya saa: magurudumu, springi, skurubu na vidaraja vinavyovishika. Bila kasha, bila mkanda, mara nyingine hata bila uso wala mishale. Huko eBay, ambayo ipo tangu mwaka 1995, mashine hizi zinauzwa zikiwa uchi namna hiyo, moja moja au kwa mafungu. Anayenunua mara nyingi ni fundi, au mtu anayemnunulia fundi. Saa ya mteja imekufa kiungo kimoja, kiwanda kiliacha kutengeneza kiungo hicho zamani, kwa hiyo njia iliyobaki ni kutafuta mashine nyingine ya aina ile ile na kuichuna. Mafundi wetu wa magari wanafanya hivyo kila siku na wala hatushangai.

Kasha limekwenda wapi? Wachimbaji wa Buhemba na Nyamongo watakuwa wameshanijibu. Saa nyingi za zamani zilikuwa na kasha la dhahabu, na dhahabu inapopanda kuna watu hawaoni saa, wanaona gramu. Januari 1980 wakia moja ya dhahabu ilifika dola 850, bei ambayo dunia ilikuwa haijawahi kuiona, na makasha mengi mno yakaenda kwenye moto huko Ulaya na Marekani. Mashine zikabaki yatima kwenye makopo. Bei ikapanda tena miaka ya karibuni na mchezo ukajirudia. Hivyo mashine iliyo uchi mnadani si lazima iwe mbovu. Wakati mwingine kosa lake ni kwamba ilivaa nguo ya bei ghali.

Sasa nije kwangu. Hapa Mwigobero kuna fundi saa mmoja, mzee wa makamo, kibanda chake kiko njia ya kuelekea mwaloni zinakopakia boti za Kinesi. Ana lenzi ya jicho aliyoifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ana kibano, ana bisibisi nyembamba alizozinoa mwenyewe, na ana makopo ya Kiwi yaliyojaa viungo. Hana simu ya kisasa na hataki. Mimi ninayo simu, na ninayo kadi ya benki inayokubali kulipa nje. Kwa hiyo tumegawana kazi: yeye anatazama, mimi naweka dau. Siku ya kwanza nilipompelekea tangazo alilivuta karibu na lenzi, akaitazama ile picha ya giza muda mrefu, kisha akanirudishia simu.

"Mura," akasema, "huyu anauza mashine au anauza maneno?"

Swali hilo nimelihamishia mpaka kwenye kazi yangu ya gazeti. Mkutano na waandishi ukiisha huwa najiuliza: huyu ametupa nini tunachoweza kukishika?

Nenda mwaloni asubuhi uone mama ntilie anavyonunua sato. Hamwulizi mvuvi kama samaki ni wa leo. Anafunua matamvua aone wekundu, anabonyeza ubavu kwa kidole, ananusa, ndipo wanaanza kupatana. Nenda kwenye minada ya ng'ombe huku kwetu Mara, mtu anafungua mdomo wa dume anahesabu meno, anamzunguka, anamswaga hatua chache aone miguu. Hakuna Mkurya wala Mjita anayenunua ng'ombe kwa sababu mwenye ng'ombe kasema "anatembea". Kufika mnadani kwenyewe kafika kwa kutembea!

Lakini watu hao hao, wakishika simu, akili za mnadani wanaziacha mlangoni.

Hebu tuone neno "inatembea" linaficha nini. Ndani ya mashine kuna gurudumu linaloyumba kwenda na kurudi, mafundi wanaliita balansi. Linashikwa na springi nyembamba kuliko unywele, iliyojizungusha kama konokono. Ukiitikisa mashine, balansi itayumba sekunde kadhaa hata kama springi kuu haina nguvu kabisa. Muuzaji akirekodi video ya sekunde tano, utaona maisha pale. Ni mtikisiko tu. Mashine nyingine inatembea kweli, lakini nusu saa, halafu mafuta yaliyoganda yanaishika shingo. Nyingine inatembea huku imelala mgongo, ukiisimamisha kama inavyokaa mkononi inakata roho.

Na kuna hili ambalo wengi hawalifikirii. Mafuta ya saa yanakauka baada ya miaka. Mashine iliyoendelea kutembea miaka 10 au 15 ikiwa kavu inajila yenyewe, ncha za ekseli zinalika, matundu yanapanuka. Ile iliyosimama mapema, ikawekwa kwenye droo ya kabati, imelala na viungo vyake vyote. Ipi ina viungo vizima? Hesabu si ngumu.

Fundi hakubaliani nami moja kwa moja, na ni haki niwaambie. Yeye anasema mashine inayotembea imeshakuambia jambo moja la maana, kwamba mnyororo wa magurudumu hauna jino lililovunjika na ekseli ya balansi haijakatika. Hapo ana hoja. Kwenye saa za kabla ya vizuia mshtuko kuenea, kuvunjika kwa ekseli hiyo ndiyo ajali ya kawaida kabisa. Saa ilidondoka sakafuni mara moja, kwisha. Kizuia mshtuko maarufu, Incabloc, kilianza miaka ya 1930, na ukitazama picha vizuri utakiona katikati ya balansi, kijispringi chenye umbo kama la kinubi. Kikiwepo, wasiwasi wa ekseli unapungua. Seiko nao wana cha kwao wanachokiita Diashock. Sasa, ili ukione unahitaji picha. Tumerudi pale pale.

Muuzaji anayetaka niamini kuwa mashine yake inatembea anao uwezo wa kunithibitishia. Mashine inasikika. Saa nyingi za mkono za zamani zinapiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kila sekunde. Seiko nyingi za miaka ya 1970 zinapiga 21,600, mara 6 kwa sekunde. Kuna vifaa maalumu, na siku hizi hata programu za simu, zinazosikiliza mapigo hayo na kukuambia saa inawahi au inachelewa kwa sekunde ngapi kwa siku, na balansi inayumba kwa digrii ngapi. Mashine yenye afya, ikiwa imejazwa na imelazwa, inayumba kiasi cha digrii 270 hadi 300. Chini ya 200 huyo ni mgonjwa, hata kama saa inaonyesha majira sahihi. Mwenye picha ya kipimo hicho, nampa dau la kutembea. Asiye nayo, nampa dau la kusimama. Anune akitaka kununa.

Msamiati mwingine wa kuchekesha ni "haijajaribiwa". Jamani, kutia saa ufunguo kunachukua sekunde 10. Mtu anauza saa 200 kwa mwezi, ana mizani, ana taa, ana kamera, halafu eti hajapata nafasi ya kuzungusha kifungo kimoja? Amejaribu. Ikakataa. Mimi neno hilo nalisoma "imekufa" na napanga bei hiyo hiyo.

Picha nzuri inasema mengi, na haya nimefundishwa kibandani, siyo shuleni. Ya kwanza kutazama ni vichwa vya skurubu. Vikiwa na makovu, vimechubuka, ujue mikono isiyo na adabu imepita humo kabla yako, na aliyeharibu skurubu hakuishia kwenye skurubu. Ya pili ni kutu, hasa karibu na tundu la kifungo cha kutilia ufunguo, maana maji yanaingilia hapo. Huku ziwani tunalijua hilo vizuri. Saa ya mvuvi inaingia maji kidogo kidogo, kioo kinaota ukungu asubuhi, jua likitoka ukungu unaondoka, mwenyewe anasema imepona. Haijaponea popote, maji yamehamia kwenye chuma. Shaba ikiwa nyeusi si neno, inasafishika. Springi ya balansi ikiota kutu, hiyo tupa.

Baada ya hapo tazama kama balansi ipo na imekaa sawa, na kama skurubu na vidaraja vyote vipo. Kifungo au mti wake ukikosekana, usihuzunike, ni kitu kidogo. Balansi ikikosekana, ulichonunua ni kopo la vyuma.

Kuhusu mawe. Kuna uvumi mitaani kwamba saa yenye maandishi "17 jewels" ina rubi 17 za kuuza. Naomba uvumi huu ukae kapu moja na ule wa rupia za Mjerumani zilizofukiwa. Mawe hayo ni rubi kweli kwa maumbile yake, lakini ni ya kutengenezwa. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuyapika mwaka 1902, na bei yake ikaanguka moja kwa moja. Kazi yake ni kupunguza msuguano. Mawe 17 yanatosha kabisa kwa saa ya kutia ufunguo, na ukikuta mtu anajigamba na mawe 50 au zaidi kwenye saa ya kawaida, mengine yamewekwa kama mapambo tu ili namba ipendeze.

Jambo la jina ndilo linaloumiza watu wetu zaidi. Jina lililoandikwa kwenye uso wa saa si lazima liwe la aliyetengeneza mashine. Kampuni nyingi za Uswisi zilikuwa zikinunua mashine kwa viwanda vya mashine tu, kama ETA, Unitas, A. Schild au Valjoux, halafu zinaandika jina lao usoni. Rolex wenyewe, kwenye ile Daytona yao ya kutia ufunguo, walitumia mashine zilizojengwa juu ya Valjoux 72 mpaka mwaka 1988. Sasa Valjoux 72 hiyo hiyo ilikwenda pia kwenye saa zenye majina ambayo leo hayajulikani na mtu. Mwenye saa hiyo anatazama jina, anaona halina sifa, anaitoa kwa bei ya kilo ya sangara. Mnunuzi anatazama chini ya balansi, anaona alama na namba, anajua kashika mashine ambayo hata ikiwa peke yake, bila kasha, inaweza kupita dola 1,000 mnadani. Na kinyume chake kipo. Kasha linang'aa kama dhahabu, uso umeandikwa maneno ya Uswisi, ndani kuna mashine ya bei rahisi ya ukoo wa Roskopf, jiwe moja au halina kabisa. Hiyo hata ikitembea mpaka Sirari na kurudi, haina bei.

Kuna aliyepita hapa Musoma mwaka jana, kijana nadhifu tu, akinunua saa mbovu za zamani. Mukendo, Nyasho, Iringo, kote kafika. Anatoa shilingi 10,000, 15,000, ikizidi sana 20,000. Mimi sina ugomvi na biashara yake, kila mtu anatafuta riziki. Ila walionisimulia wote walitaja jambo moja bila kujua uzito wake: kabla ya kutaja bei, alifungua mgongo wa saa akapiga picha ndani. Anayeuza anauza jina. Anayenunua ananunua mashine.

Mama mmoja, mjane, alimpa saa ya marehemu mumewe kwa shilingi 20,000. Mumewe alikuwa karani enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza iliyovunjika mwaka 1977. Nilimwuliza ilikuwaje. Akasema ilikuwa na mishale midogo mitatu usoni, na ubavuni vitufe viwili, kimoja juu ya kifungo na kimoja chini. Fundi aliposikia hayo aliweka kibano mezani. Mishale midogo mitatu na vitufe viwili ni saa ya kupimia mbio, kronografu. Huenda ilikuwa ya kawaida. Huenda ilikuwa ile niliyoitaja hapo juu. Hakuna aliyeifungua kabla haijaondoka, na sasa haifunguliki tena na mtu wa hapa. Mama yule hakuhitaji kujifunza ufundi wowote. Alihitaji mtu mmoja wa kumfungulia mgongo wa saa, akampigia picha, basi. Fundi wetu anaifanya kazi hiyo kwa hela ya soda.

Na msidhani wanaoliwa ni wajane wa Musoma peke yao. Novemba 2021 huko Geneva, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza Omega Speedmaster ya mwaka 1957 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Wataalamu wote walikuwepo. Juni 2023 ikabainika kwamba saa ile ilikuwa ya kuungaunga, viungo vya saa tofauti vilivyokusanywa kwenye kasha moja, na kampuni ikasema waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Utamu wa habari yenyewe: aliyeinunua ni Omega, kwa ajili ya makumbusho yake! Mwenye kiwanda alinunua kazi ya kiwanda chake mwenyewe na asijue. Wewe na picha yako moja ya giza unasema umeona?

Sasa kazi iliyotuweka macho miezi miwili hii. Mzee mmoja wa Kitaji, askari wa zamani, alileta Seiko 5. Anasema aliinunua Kampala mwaka 1979, vita vya Kagera vilipoelekea ukingoni, kabla ya kurudi nyumbani. "Niliinunua kwa hela yangu," anasisitiza, hata kabla hujamwuliza. Waandishi tuna ugonjwa wa kuthibitisha, nikaomba kuona mgongo. Seiko za wakati ule zina namba mgongoni zinazosema. Tarakimu nne za mwanzo za namba ya aina ndiyo mashine: 7009. Namba nyingine ndiyo ya mfululizo, tarakimu yake ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. Yake inaanza na 8 na 4. Yaani Aprili 1978, au Aprili 1988, maana Seiko hawakuandika muongo. Kama ni 1988, mzee ametupiga kamba. Lakini mashine ya 7009 ilishakuwepo miaka ya 1970, na mkewe anaikumbuka saa hiyo mkononi mwake walipooana, mwaka 1981. Namba imekubaliana na mzee. Niliridhika, nikampa shikamoo ya pili.

Saa ilidondoka ziwani zaidi ya mara moja. Springi ya balansi imeota kutu ikakatika. Ndani ni 7009A, mawe 17, inalingana na mgongo, haijachanganywa. Mjukuu wake alikuwa ameshaahidiwa shilingi 15,000 na yule kijana nadhifu. Kusema kweli kwa 7009 mbovu hiyo si bei ya wizi, zilitengenezwa nyingi mno. Ila mzee hauzi. Anataka itembee, na alimwambia fundi kwamba macho yake bado yanaona mishale kuliko namba za simu. Tena majira anayosoma ni ya Kiswahili, saa ikionyesha 7 yeye anasema saa moja, mjukuu anachanganyikiwa.

Fundi akanipa kikomo: shilingi 120,000, usafiri ukiwemo, mbali na hela ya kuchukulia mzigo posta. Mashine za 7009 mwaka huu nimeziona zikiondoka kati ya dola 10 na 30. Dola moja nilihesabu shilingi 2,500. Kulikuwa na moja ya dola 38 na usafiri dola 15, "inatembea, imefanyiwa huduma". Nilimwandikia muuzaji: imefanyiwa lini, na nani, una picha ya balansi kwa karibu? Akajibu kwa kidole gumba. Kidole gumba! Jumla yake ingekuwa shilingi 132,500 kwa kidole gumba.

Tulichokiweka macho ni fungu la mashine tatu kwa muuzaji mwingine. Mbili kaandika zimesimama, moja kaandika inatembea. Picha 11, mwanga wa dirishani, mbele na nyuma, skurubu zote zinaonekana. Fundi alizipitia kwenye simu yangu mpaka chaji ikaisha, tukahamia kwa kinyozi jirani mwenye waya. Kitu kimoja cha minada hii nakipenda: unaweza kuandika kiwango chako cha juu mapema, mfumo ukakupandishia kidogo kidogo mpaka hapo, ukisha pitwa umepitwa. Niliandika dola 28, nikaweka simu mfukoni nikaenda kuripoti kikao cha madiwani. Watu wanaokaa kutazama sekunde za mwisho ndio wanaolipa dola 40 kwa kitu cha 20, kwa sababu mshindani kawaudhi. Tulipata kwa dola 24, usafiri dola 19. Jumla dola 43, shilingi 107,500. Kila mashine ikatuangukia chini kidogo ya shilingi 36,000. Mnaona wenyewe usafiri ulivyokaribia bei ya mzigo. Ndiyo maana kuagiza moja moja kutoka mbali ni kuwatajirisha wasafirishaji.

Zilifika baada ya wiki tano. Iliyoandikwa inatembea ilitembea kweli, tena mbio, inawahi dakika kadhaa kwa siku, kwa sababu springi ya balansi ilikuwa imeguswa na mtu, mizunguko imegusana. Moja ya zile zilizosimama ilikuwa na kutu chini ya uso, mahali ambapo hakuna picha ingefika, na fundi alinitazama kwa jicho la "nilikuambia". Ya tatu ilikuwa imekauka mafuta tu. Balansi yake ilikuwa safi kama imetoka kiwandani jana.

Hiyo ndiyo imo kwenye saa ya mzee wa Kitaji tangu Jumamosi. Siku ya kwanza ilichelewa sekunde 40, fundi akaigusa, siku ya pili 15, akasema iachwe itulie. Zilizobaki zimechunwa na ziko kwenye kopo la Kiwi. Mwenye 7009 inayohitaji gurudumu la tarehe au springi kuu ampitie kibandani kabla ya saa kumi jioni, maana baada ya hapo mwanga unaondoka na hafungui saa ya mtu kwa taa.